Pongo wa Jeska

Mpaka leo nikinusa simu mpya ikitolewa kwenye boksi, ile harufu ya plastiki, roho inaniuma. Inanirudisha kiangazi kile nikiwa darasa la tano hapa Mbuba, Jeska, mtoto wa shangazi yangu, alipokuja likizo kutoka Biharamulo na simu aliyonunuliwa na baba yake. Kabla hajaja, msitu ulio nyuma ya mashamba yetu ulikuwa wangu. Babu alikuwa amevunjika nyonga, haendi tena kukagua mizinga yake ya nyuki, basi kila jioni aliniita kitandani kwake aniulize nimeona nini. Nami nilimsimulia: kanga na vifaranga vyake, ngedere wanaogombana, nyayo za ngiri kando ya kijito. Hakuna kitu nilichopenda kama kusikilizwa na Babu.

Simu ikaja kunipora. Asubuhi tuliingia msituni wote wawili, yeye na ndala zake zinazopiga pa-pa-pa, mimi peku. Mimi ndiye niliyejua upepo unatoka wapi, mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwonyesha hondohondo huku anauliza, "Wapi? Wapi?" Yeye kazi yake kubonyeza tu. Jioni Babu anaishika simu kwa mikono miwili, anacheka mpaka anakohoa: "Jeska, mjukuu wangu, umeniletea msitu mpaka kitandani!" Eti Jeska! Nikianza kusimulia ananikatiza, "Ngoja kwanza, nione." Nilinuna mpaka mama akaniuliza kama naumwa tumbo.

Siku moja tukakutana na pongo, yule swala wa vichakani. Kwetu pongo ni mwiko wa ukoo: haliwi, na ukimwona unageuza uso mpaka apite. Jeska ni wa ukoo wa baba yake, mwiko ule haumhusu. Mimi nikageuka kama nilivyofundishwa, nikasikia simu nyuma yangu, cha! Furaha niliyoipata, wacha tu. Nilijua leo Babu atamfokea, simu itafungiwa kabatini. Nilitangulia mbio nyumbani, nikatoa shikamoo bila kupumua. "Babu, Jeska amempiga picha pongo!"

Jeska alipofika, Babu alinyoosha mkono apewe simu, akaitazama muda mrefu. "Kumbe ana madoa meupe ubavuni," akasema polepole. "Miaka yote hii mimi nageuza uso tu. Picha siyo pongo, mwanangu. Njoo nawe uone." Machozi yalikuwa yanamtoka. Simulizi zangu zote hazikuwahi kumtoa hata chozi moja. Nikamwambia mwiko ni mwiko, nikatoka nje.

Sasa Babu hayupo. Msitu umeliwa na mashamba na mkaa, na pongo hasikiki tena. Nina simu nzuri kuliko ile ya Jeska, nimeijaza ndege na ngedere, ila jioni hakuna anayeniita aone. Juzijuzi Jeska aliituma ile picha kwenye kundi la familia, watu wakamshukuru wee, shangazi akalia. Nilipoulizwa, nikasema sijaifungua. Ndugu wakanisifu, eti nimebaki mimi peke yangu ninayeushika mwiko wa ukoo. Mwiko gani! Ni wivu tu.