Mpini Mpya wa Bastola ya Lyle

Lyle Hutsell alikatika kidole gumba siku ya kuwatia ndama chapa, mbele ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe kurusha kamba.

Huku kwetu kaskazini mwa Nevada hatuifungi ncha ya kamba kwenye tandiko. Kitanzi kikishamnasa ndama, mchungaji huizungusha kamba upesi kwenye pembe ya tandiko, kile kishikio kilichosimama mbele yake, na kila mtoto huambiwa jambo moja kabla hajapanda farasi: gumba juu. Likielekea chini, kamba hulibana kwenye pembe, na mnyama aliye upande wa pili huvuta bila kujua anavuta nini. Lyle alikuwa ameyasema maneno hayo maisha yake yote. Siku hiyo alikuwa amechoka. Farasi mmoja alikohoa nyuma yake, Lyle akageuka kumtazama, na mkono ukajisahau.

Hakupiga kelele. Alimwomba mtu amwondoe farasi wake juani, kisha ndipo akauzungushia mkono shati. Baada ya wiki chache watu wa baa walikuwa wakimwagizia bia tisa na nusu, kwa hesabu ya vidole vyake, naye akiwajibu kwamba hiyo nusu wampe yule mwenye akili nusu.

Hospitalini walimshonea kilichobaki, kisiki kifupi tu. Hilo angeweza kuishi nalo. Jambo zito lilikuwa kambi ya mlimani. Kila kiangazi, tangu ujana wake, Lyle hupanda huko peke yake na ng'ombe wa ranchi, akateremka theluji ya kwanza inapoanguka. Aliwahi kuoa; mke akachoka kuolewa na mtu wa majira ya baridi tu. Nyumba mjini hana. Ukimuuliza anakaa wapi, atakuonyesha mlima.

Corinne Sabala, msimamizi wa ranchi, ambaye Lyle ndiye aliyempandisha farasi wake wa kwanza, alimwambia mwaka huu hatapanda peke yake mpaka aweze kufyatua bastola kwa mkono mmoja. Hakuwa akiwaza majambazi. Mguu ukinasa kwenye kikuku cha tandiko, pale mpandaji anapokanyaga, na farasi akatimka, mtu huburutwa mpaka afe, na kinachoweza kumwokoa ni risasi ya kumwangusha farasi. Mwaka uliopita, kijana wa ranchi ya jirani alikutwa amekufa kwa njia hiyo, bastola ingali alani. Nayo bastola ya Lyle ni ile ya zamani, ambayo kabla ya kila risasi lazima uvute kwa gumba nyundo yake, kile chuma cha nyuma kinachoipiga risasi. Asiye na gumba amebeba chuma tu.

Basi akaja kwa baba yangu, Gratien, anayetengeneza bunduki kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu. Baba alimshauri anunue bastola ya siku hizi, isiyohitaji kuvutwa nyundo.

"Nimejifunza kitu kimoja, Gratien," Lyle alisema. "Ukinipa cha pili sasa hivi, nitakikumbuka nikishakufa."

Baba alimtafutia kiunzi cha mpini wa aina nyingine, kilicho kirefu zaidi na kinachopanda juu nyuma ya kiganja, pamoja na nyundo yake yenye ulimi mpana ulioinama chini. Alikuwa na matumaini kwamba kisiki kingeufikia. Lakini viunzi hivyo huja na chuma cha ziada kwa makusudi, kwa sababu kila bastola ina mwili wake. Baba alipokifunga, kilijitokeza pande zote mbili kama mabega ya koti la kuazima. Ikawa kazi ya tupa na msasa: kufunga, kupapasa kiungo kwa ukucha, kupunguza kidogo, kufungua, kusafisha, kufunga tena. Kanuni ni kwamba tupa isiguse chuma kabla skrubu zote hazijakazwa.

Baba naye si kijana. Macho yake huanza kuuma adhuhuri, na mchana mmoja aliiacha skrubu ya mbele ikiwa imelegea. Kiunzi kilikaa upande, naye akapunguza chuma mahali pasipofaa. Alipogundua, alikaa juu ya ndoo muda mrefu bila kufanya kitu. Bastola ingefanya kazi, ila ngazi ndogo, mahali kiunzi kilipozama chini ya mwili wa bastola, ingebaki upande wa kushoto daima. Alimwambia Lyle ukweli na kuahidi kumwagizia kiunzi kingine, ingawa kingechelewa mpaka kiangazi kiishe.

Lyle alipitisha kisiki chake juu ya ile ngazi, akaenda nacho, akarudi nacho. "Acha," alisema. "Hata mimi nina upande mfupi."

Hata hivyo kisiki kiliteleza. Baba akaupasha moto ulimi wa nyundo, akauinamisha zaidi. Lyle akajifunza kuuvuta kwa tako la gumba huku akikunja kiganja. Alijizoeza na bastola tupu mezani petu, katikati ya maharagwe na nyama, mpaka mama akaiondoa na kumwekea mkate mahali pake.

Siku ya jaribio tulikwenda ranchini sote. Corinne alikagua kila tundu la silinda kuhakikisha hamna risasi, kisha akasema mtu anayeburutwa huwa hajasimama. Lyle akalala chini kwenye vumbi, mguu wa kushoto juu kwenye kikuku, mkono wa kushoto chini ya mgongo. Corinne alimshika farasi. Lyle alilenga nguzo ya ua, maana alisema mnyama naye ana heshima yake.

Nyundo ikalia. Ikaanguka. Akaivuta tena, ikalia tena. Mara ya tatu ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Corinne aliutoa mguu wa Lyle kwenye kikuku taratibu. "Haya, mzee. Mlima ni wako."

Lyle hakuinuka. Alibaki amelala, kofia pembeni, anatazama juu. Baba alipomsogelea, aliinua kiganja kumzuia.

"Ni mgongo?" Corinne aliuliza.

"Si mgongo. Nimechoka. Nitafutie mtu wa kupanda naye mlimani."

"Lakini umefaulu."

"Ndiyo maana nasema sasa. Ningeshindwa, mngeniamulia ninyi."

Corinne alimwangalia baba, kisha akaangalia chini. Akasema yuko binamu yake, ila anaongea sana.

"Asiongee kabla ya kahawa," Lyle alisema. "Baada ya hapo nitavumilia."

Ndipo akamnyooshea baba mkono wa kulia, ule wenye kisiki, akakubali kuinuliwa.