Simu Niliyoiweka Spika

Kwa miaka mingi pale Ihanja nilikuwa mtu wa redio. Nilimaliza kidato cha nne wakati ambapo wachache kijijini walifika huko, na jambo hilo lilinipa kiburi ambacho mwenyewe sikukiona. Wanaume tulikuwa na benchi letu kwenye mashine ya kukamua alizeti. Hapo ndipo nilipowaeleza wenzangu kwa nini mataifa makubwa yanagombania madini ya Kongo, na kwa nini nchi za kusini mwa Afrika zilikubaliana kupeleka kikosi cha pamoja kule mashariki kupambana na waasi. Mwenye mashine aliniita Waziri wa Mambo ya Nje. Nilijifanya sipendi.

Kisha kijana wangu wa mwisho, askari, akapangwa kwenye kikosi hicho. Mama yake alishinda siku mbili bila kula. Mimi nilikwenda benchini mapema kuliko kawaida.

Alikuwa anapiga simu Jumapili mchana, mtandao ukikubali. Mwanzoni nilizungumza naye nyumbani, halafu nikaenda kusimulia.

"Mzee, unaongeza chumvi," alisema mwenye mashine.

Basi Jumapili iliyofuata simu ikanikuta pale pale benchini. Nikabonyeza spika, nikaiweka juu ya gunia la mashudu ya alizeti, watu wakasogea. Ikawa desturi. Kijana hakujua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hao waasi silaha wanapewa na nani? China wanasemaje? Marekani?"

"Baba, mimi nalinda barabara. Hayo mnayajua nyie wenye redio."

Wenzangu walicheka kwa kuziba midomo. Sikuwahi kumuuliza kama analala vizuri.

Jumapili moja, baada ya redio kutangaza kwamba kambi zao zimepigwa makombora, sauti yake ilikuwa chini sana.

"Baba, uko peke yako?"

Nilitazama wanaume sita walioinamia gunia.

"Niko peke yangu."

Nilimsikia akipumua. Akataja jina la mwenzake, kijana wa mkoa mwingine aliyekuwa akilala naye hema moja. "Juzi, baba, zamu ilikuwa yangu..." Akaishia hapo.

Hapo baba mwingine angenyamaza, au angesema pole. Mimi nikauliza, "Makombora yalitoka upande gani? Wa nchi jirani?"

Mwenye mashine akakohoa, maana mashudu yana vumbi.

"Nani huyo?"

"Ni redio."

"Sawa baba. Wasalimie hao wa redio."

Tangu siku ile alipiga kwenye simu ya mama yake.

Wakubwa wakakaa vikao vyao, mipango ikabadilika, kikosi kikarudishwa. Mwanangu alikuja likizo akiwa mzima wa mwili. Asubuhi ananiamkia kama inavyotakiwa, anachukua jembe, anakwenda shamba. Akiwa jikoni na mama yake wanaongea Kinyaturu kwa sauti ya chini. Nikiingia, wanahamia habari za mbegu. Siku moja nikamfuata shambani nikamuuliza, siku ile ulitaka kuniambia nini.

"Yalishapita, baba," akasema, akaendelea kupalilia.

Nilimuuliza mke wangu. Hakunificha.

"Aliniambia yote. Akaniomba nisikwambie wewe."

"Kwa nini?"

"Na wewe unajua kwa nini."

Likizo ilipokwisha mwanangu alipanda basi pale barabarani. Aliniamkia, akanishika mkono, akapanda.

Benchini bado wananingoja. Juzi mwenye mashine aliniuliza, "Mheshimiwa, kikosi kimeondoka, sasa kule nani atalinda? Wakubwa wamekubaliana nini?"

Nikamwambia sijui, wakadhani nawatania. Lakini majibu ninayo. Naweza kukutajia nchi zote zilizopeleka askari wake, na taifa gani linataka madini gani. Nisichoweza kutaja ni jina la kijana yule aliyelala hema moja na mwanangu. Nilitajiwa mara moja, nikalisahau kabla simu haijakatika, wenzangu nao hawakulishika, na wa kuwauliza ninao wawili tu, mwanangu na mama yake.