Kibuyu Chenye Mkia

Karibu kila mwanafunzi wa fizikia aliyepita katika chuo anakofanya kazi Mama Pumzi, fundi wa kupuliza kioo, ameitazama kazi yake, wengi wao bila kumjua. Ni ile mirija ya kioo inayowekwa mezani baada ya mapazia kufungwa: wenye gesi ya neoni unawaka rangi ya kaa la moto, wenye zebaki unatoa buluu kali inayoumiza macho. Mwalimu hueleza kwamba nishati ndani ya atomi haipandi kama maji kwenye ndoo, inapanda kama mtu kwenye ngazi: atakanyaga kidato hiki au kile, katikati hapana pa kusimama. Atomi ikishuka kidato hutoa mwanga, na kwa kuwa kila aina ina ngazi yake, kila aina ina rangi zake. Wanafunzi wengi huanza fizikia ya kwanta hapo. Mama Pumzi aliianza akiwa na mpira wa kupulizia mdomoni na kichomeo cha gesi kikivuma mbele ya kifua chake.

Karakana yake iko chini kabisa ya jengo la sayansi, imebanwa kati ya chumba cha mitambo ya umeme na ghala la viti vibovu. Benchi limefunikwa kwa bati lililopauka kwa joto. Ukutani mirija ya kioo imelazwa kwa unene wake, kuanzia ule wa kidole gumba hadi ule wa njiti ya ufagio. Wanakemia humletea vipozeo, mirija ya kupozea mvuke, vilivyopasuka. Wanabiolojia huja na michoro ya chupa zenye shingo ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Kila mmoja anasema yake ni ya haraka. Mama Pumzi huwajibu kwamba wakauambie mwali wa moto, yeye ni mtumishi tu.

Ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, amevuka hamsini, na kioo kikiwa motoni haongei hata ukimwita kwa jina la baba yake. Alitoka shule ya ufundi akapokelewa na fundi mzee ambaye sasa ni marehemu, na huyo alimwachia sheria moja: kiungo kinachoonekana hakijaisha. Ameishika sheria hiyo maisha yake yote ya kazi. Wageni wakija chuoni huonyeshwa mirija yake miwili iliyounganishwa, wapitishe ukucha watafute mahali ilipokutana. Hawapaoni. Yeye husimama pembeni na kujifanya anapangusa mikono.

Mkuu wa maabara ya leza humwita mama, naye Mama Pumzi humwita Vunja. Jina hilo ni la mwaka wake wa kwanza chuoni, alipokuwa haingii karakana bila kuacha vigae nyuma yake. Siku hizi ana wasaidizi na suti, lakini akifika mlangoni pale bado huweka mikono mfukoni.

Vunja ndiye aliyeleta kazi ya vibuyu. Alitaka vyombo vidogo vya kioo, duara kama limau, vyenye mvuke wa metali laini iitwayo rubidi. Kila atomi ya rubidi, alimweleza, ni kama sindano ndogo mno ya dira. Mwanga wa leza huzielekeza zote upande mmoja, na zikiguswa na usumaku wowote zinayumba, na mwanga unaotoka upande wa pili unasimulia zimeyumba kiasi gani. Wanajiolojia hutumia vyombo vya namna hiyo kutafuta madini chini ya ardhi, na vingine vinavyofanana navyo hutunza saa ndani ya setilaiti. Vunja na madaktari wa hospitali ya jirani walitaka kusikiliza moyo. Moyo nao una usumaku, dhaifu mara milioni kuliko ule wa dunia, na lengo lao lilikuwa kufika siku moja kwenye moyo wa mtoto aliye tumboni bila kumgusa mama yake.

Kulikuwa na shida moja. Atomi ikigonga kioo kitupu husahau ilikuwa imeelekea wapi. Dawa yake ni kupaka ukuta wa ndani nta, utando mwembamba usioonekana. Hapo atomi hudunda na kuendelea na safari huku inakumbuka. Mama Pumzi alipaka nta, akanyonya hewa kwa pampu, akaingiza mvuke, kisha akaifunga shingo ya kila kibuyu kama anavyojua yeye, akikizungusha kwenye mwali mpaka kiungo kikapotea. Vilitoka kama matone ya maji. Havikufanya kazi. Akatengeneza vingine, akiongeza uangalifu na kukaa zaidi kwenye mwali. Hivyo vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza.

Chuo kikatoa uamuzi: mkupuo wa tatu ukishindwa, vibuyu vitaagizwa nje ya nchi. Mama Pumzi alijua maana yake. Hakuna ambaye angemfukuza. Angebaki kuziba nyufa za vipozeo mpaka astaafu, na kazi nzuri kuliko zote alizopata kugusa ingefanywa na mikono ya watu asiowajua.

Vunja alipogundua chanzo alizunguka nacho siku kadhaa kabla hajateremka karakana. Alisubiri mpaka kichomeo kizimwe.

"Mama, vibuyu havivuji, wala havina ufa. Tatizo ni uzuri."

"Uzuri wa nini?"

"Wa kiungo. Unakaa na mwali shingoni mpaka kinapotea. Joto linateremka tumboni, nta inaungua. Nimeona doa lake kwa darubini, kwenye kila kimoja."

Mama Pumzi alikitazama kibuyu alichokuwa anashikilia. Akauliza nani mwingine anajua. Vunja akasema ni wao wawili tu.

"Na darubini," akasema Mama Pumzi. "Kwa hiyo nifunge ovyo."

"Funga mbali na tumbo, haraka, halafu acha mkia."

"Mkia."

"Kama wa panya. Samahani, mama."

"Mwaka mzima ulinivunjia vioo nikakuvumilia," akasema. "Leo umekuja kunivunja mwenyewe."

Nyumbani alimsimulia mume wake, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi. Alitarajia kuhurumiwa. Mume akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akamwambia kwamba yeye huacha kitambaa cha ziada ndani ya kila suruali, kazi mbaya kabisa kuitazama, na ndiyo inayowaokoa wateja wanaponenepa. Aliyewahi kulalamika ni mdudu nondo peke yake, kwa kuwa ndiye anayeingia ndani na kuiona. Kesho yake Mama Pumzi alifungua karakana mapema, akavuta shingo ndefu, akazitupa tano za kwanza kwa sababu mkono ulikuwa unataka kurudi kwenye mwali kulainisha. Ya sita aliibana kwa koleo, akaikata kwa moto mara moja, akaweka mikono mgongoni. Kilichobaki kilikuwa kibuyu kisafi chenye mkia uliopinda na kidonge cha kioo mwishoni.

Siku ya jaribio walihitaji mtu wa kulala kimya. Mama Pumzi alimleta mumewe, kwa maelezo kwamba hajawahi kumwona amelala kimya na angependa kuona. Chumba cha kupimia kilikuwa kama kabati kubwa lenye kuta za metali, tabaka juu ya tabaka, kuzuia usumaku wa nje. Kitanda kilikuwa cha mbao zilizounganishwa kwa gundi bila msumari. Fundi cherehani alivua mkanda, saa, viatu, akatoa funguo na sarafu mfukoni. Kibuyu chenye mkia kikashushwa juu ya kifua chake, ikaachwa nafasi ya kiganja. Mlango ukafungwa.

Kwenye skrini mstari ukaanza kupanda, ukapanda mno, ukashuka, ukapanda tena, taratibu kama mtu anayesinzia. Hakukuwa na dalili ya moyo. Wasaidizi wa Vunja walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba labda nta imeungua tena. Mama Pumzi alisikia. Aliutazama mstari, na mkono wake ukashika ukingo wa meza.

Vunja naye alikuwa anautazama. "Huo si moyo," akasema polepole, "lakini kibuyu kinaona kitu. Kitu kinachopanda na kushuka na pumzi yake."

Mama Pumzi akaachia meza. Akainama kwenye kipaza sauti.

"Baba watoto, hebu pitisha mkono kwenye ukosi wa shati."

Sauti ikatoka ndani, ya mtu aliyeshikwa na mali ya wizi: "Ni pini moja tu."

"Pitisha tena."

"Tatu."

Walifungua, wakazitoa, wakafunga. Safari hii mstari ulitulia, ukalala karibu bapa, halafu ukaruka. Ukatulia, ukaruka tena, vilele vyembamba vilivyo sawa, kimoja baada ya kingine. Wasaidizi wakaanza kupiga makofi. Vunja alitoa mikono mfukoni.

"Kumbe unao," Mama Pumzi akamwambia mumewe kwenye kipaza sauti, na vile vilele vikaharakisha kidogo kwa kicheko.

Vibuyu havikuagizwa nje. Vinatengenezwa kwenye benchi lile lile, vyote vina mkia, na mwanafunzi akitaka kuukata aunadhifishe hukatazwa kwa ukali ambao zamani ulikuwa wa viungo vinavyoonekana. Wageni bado wanaonyeshwa mirija miwili isiyo na alama. Kisha Mama Pumzi huwawekea kibuyu kiganjani na kuwaambia waushike mkia taratibu, na hapo hajifanyi kupangusa mikono.

Mume wake aliomba karatasi yenye ule mstari, akaitundika kibandani juu ya picha za mitindo. Wateja huuliza kama ni tarizi mpya. Yeye huwaambia ni moyo wake, umechorwa kwa kioo alichopuliza mkewe, na huendelea mpaka mteja akumbushe suruali yake. Habari ya pini haisimulii. Ukitaka kuisikia, teremka karakana.