Asali ya Asumini ya Bi Pasi

Kazini wote walimwita Bi Pasi, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha mashuka ya hospitali mpaka yakatoka bila kunyanzi hata moja. Kisha mafua makali yakamkamata, na yalipoondoka yaliondoka na uwezo wake wa kunusa. Pua ikabaki usoni kama pambo. Siku aliyounguza shuka la tatu bila habari, huku wenzake wakikohoa kwa moshi, msimamizi alimtoa kwenye pasi kwa upole akampeleka kukunja taulo.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Chakula hakikumkolea, basi akawa anazidisha chumvi. Wifi yake, mwalimu mstaafu aliyeishi nao, alionja mchuzi mbele ya wageni akauliza kama umechotwa baharini. Wageni wakacheka, Bi Pasi akanuna. Tangu hapo mawifi hawakusemezana, na mume wa Bi Pasi akageuka posta.

"Mwambie dada yako apunguze redio."

"Mwambie mkeo nafurahi kuona masikio yake bado mazima."

Muuguzi mmoja alimshauri Bi Pasi awe ananusa kitu chenye harufu kali kila asubuhi, ili kuikumbusha pua kazi yake. Akafikiria asumini iliyolowekwa kwenye asali: harufu ikigoma, walau atapata utamu. Shida ni kwamba asumini ya karibu ilikuwa kwenye chungu cha wifi, dirishani, na kuomba hakutaka. Asubuhi moja, mvua ilipokatika tu, alichuma viganja viwili vya maua yakiwa yanachuruzika maji, akayatumbukiza kwenye chupa ya asali, akakaza kifuniko na kuificha juu ya kabati.

Siku ya nane, alasiri, wifi alisimama katikati ya sebule akinusanusa.

"Kuna kitu kimechacha humu ndani," alisema. Kaka yake hakuwepo, kwa hiyo ilibidi amwambie mhusika mwenyewe.

"Mimi sisikii harufu yoyote."

"Najua husikii. Ndiyo maana nakwambia."

Wakaifuata pua ya wifi mpaka kabatini. Kabla hawajaigusa chupa, kifuniko kiliruka, na povu la asali likateremka taratibu juu ya kofia nzuri ya mume iliyotundikwa ubavuni mwa kabati. Wifi akatazama maua yaliyokuwa yakielea.

"Hiyo asumini ni yangu."

"Ni yako."

"Mwizi gani huyu anaiba maua na maji yake?"

Bi Pasi alitaka kujitetea, kikamtoka kicheko. Wifi alijitahidi kukaza uso wa kiualimu, akashindwa. Walicheka mpaka wakakaa sakafuni, kisha wakaifua kofia.

Mara ya pili walifanya kazi kwa utaratibu. Walichuma maua umande ulipokauka, wakayatandaza juu ya foronya safi, kivulini, siku mbili, mpaka yakasinyaa. Chupa waliichemsha, wakaikausha vizuri. Wifi aliyapanga maua, Bi Pasi akamimina asali polepole huku akichokoa kwa kijiti cha mti ili mapovu yapande. Kila siku waliigeuza chupa juu chini. Na kila asubuhi Bi Pasi aliifungua, akavuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa.

"Ikoje leo?" aliuliza.

"Leo inanukia kama bibi harusi aliyechelewa," wifi alijibu. Kesho yake alisema inanukia kama barua ya mchumba.

Wiki ya tatu wakaichuja kwa kitambaa chepesi. Asali ilitoka ang'avu, Bi Pasi akailamba akaona ni tamu, basi.

Halafu Jumapili moja, mume aliporudi kutoka matembezini akavua viatu mlangoni, Bi Pasi alikunja pua.

"Baba watoto, hivyo viatu vyako, tafadhali, nje."

Wifi akaweka chini kikombe chake. Mume alitazama viatu vyake kwa fahari, kana kwamba vimeshinda mashindano. Bi Pasi machozi yakimlengalenga alienda kufungua chupa, na mle ndani, mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili, palikuwa na asumini.

"Wifi," alisema, "mbona hukuniambia kwamba umezidisha maua?"