Mjerumani Aliyenifundisha Kupumua

Nimewafundisha watoto miaka mingi kwa sauti iliyofika dirisha la nyuma bila kupiga kelele. Aliyenipa sauti hiyo ni mtu ambaye hadi leo nikimkumbuka damu hunichemka.

Alikuja kijijini Nyakoe, karibu na Kisii, miaka ya sitini ikielekea kwisha, mzee Mjerumani mwenye masikio makubwa, kumtembelea dada yake mtawa aliyekuwa muuguzi kwenye zahanati ya misheni. Alikuja kwa mwezi mmoja, akakaa miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Alitukusanya walimu wachache kwenye ukumbi wa kanisa, akatufanya waigizaji.

Alitusimulia kazi yake. Alipanda jukwaani akiwa na miaka kumi na saba. Kwenye filamu alikuwa mhudumu wa hoteli, daktari, askari wa mlangoni. Maneno matatu, basi. Lakini redioni alikuwa mfalme.

"Redio haioni masikio," alisema, nasi tukacheka.

Alinilaza sakafuni, akaniwekea kitabu tumboni. "Kiinue kwa pumzi." Nilimpenda kama baba.

Kisha afisa mmoja wa serikali akatuletea mchezo wa sikukuu, umeshaandikwa. Nikapewa kuwa mwuza samaki kutoka ziwani, wa kabila lisilo letu: mwizi, mchafu, Kiswahili chake cha kuchekesha. Nikaiga lafudhi ya jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mama wa ziwani aliyeuza samaki sokoni Kisii na aliyenipikia uji siku zote nilizougua malaria. Mazoezini watu walivunjika mbavu. Nilimwalika mama huyo mwenyewe aje anione, bila kufikiri, mpumbavu mimi! Alisimama mlangoni kidogo, akakaza leso yake, akaondoka.

Nilimwomba Mjerumani tubadilishe maneno.

"Mwigizaji hachagui maneno, mwalimu. Anayasema vizuri."

Nikaenda zahanati kumshtakia dada yake. Alikuwa akikunja bandeji. Nilipofika kwenye jibu lile aliziweka chini.

"Hata mimi alinijibu hivyo hivyo," alisema.

"Lini, Sista?"

"Kabla ya vita. Hakuwaambia? Serikali yetu ilitaka michezo ya redio ya kuwafanya Wayahudi wachekwe na kuchukiwa. Yeye aliiigiza. Na mzee aliyemfundisha kazi alikuwa Myahudi. Alifukuzwa jukwaani, na wiki hiyo hiyo ndugu yangu akapewa nafasi yake. Baadaye yule mzee alichukuliwa. Hakurudi."

Nilikwenda moja kwa moja ukumbini. Alikuwa akipanga viti, na wenzangu walikuwapo.

"Nani alikufundisha kupumua?" nilimuuliza.

Alielewa papo hapo. Aliweka kiti chini taratibu. "Mzee mmoja. Alikuwa mwalimu mzuri."

"Na nafasi yake ukaichukua."

"Ningekataa, wangempa mwingine."

Aliyasema kwa sauti ile ile nzuri, imetulia, kila neno mahali pake. Laiti ingetetemeka hata kidogo! Nilimtupia karatasi za mchezo kifuani. Zikatawanyika sakafuni, naye akainama kuziokota, akizipanga kwa namba za kurasa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Sehemu yangu akapewa mwalimu mwingine. Siku ya sikukuu watu walicheka hadi machozi. Mjerumani alikuwa amesema kweli kwamba wangempa mwingine, na hilo pia sijamsamehe. Aliporudi kwao sikwenda kumuaga.

Lakini jioni ile niliyomtupia karatasi nilibisha mlango wa jirani yangu. Alikuwa akiparua magamba ya samaki.

"Mama, nisamehe. Nimeuacha ule mchezo."

Aliendelea kuparua. "Ulikuwa mzuri sana, mwalimu," alisema mwishowe. "Niliisikia sauti yangu mwenyewe pale. Hicho ndicho kilichoniuma."

Hakunikaribisha kiti. Nilisimama pale hadi akamaliza samaki wote, kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka miwili zaidi. Tulisalimiana kila asubuhi, salamu tu.