Taa Nyekundu ya Kamera

Nilinunua kamera yangu ya kwanza, na miguu yake mitatu, na maikrofoni, ili nirekodi ndoa ya dada yangu hapa Kamina. Muuzaji alitaka kunifundisha. Nikakataa. Mimi ni mtoto wa reli. Najua taa nyekundu ni kusimama.

Kumbe kwenye kamera nyekundu ndiyo kurekodi. Tulipokusanyika na wakwe kutazama, misa haikuwemo, wala pete. Vilionekana viatu vyangu vikitembea, kisha ikasikika sauti yangu ikimwambia mke wangu, "Ona papa ya bwana-arusi, anakula kama bantu batatu!"

Mzee huyo, baba wa bwana-arusi, aliyeketi karibu yangu, aliweka sahani chini.

"Mutoto yangu," aliniuliza taratibu, "ule papa njo miye?"