Saa Thelathini na Nane za Mama Maziwa

Kwa miaka kumi na minane alipeleka maziwa mlango kwa mlango, asubuhi na jioni, mpaka mtaa mzima ukamzoea kwa jina la Mama Maziwa. Kwa hiyo siku alipotokea ofisi ya maji akiwa na sketi iliyonyooshwa pasi, barua ya chuo na kijitabu cha kujazia saa za mafunzo, mlinzi alimwelekeza moja kwa moja chumba cha chai. Hakukasirika. Alimpa barua, mlinzi akaisoma mara mbili, kisha akampisha huku akikuna kichwa.

Barua ilieleza kwamba mwanachuo huyu wa utawala wa umma, mwaka wa mwisho, atatumikia ofisi ya umma saa mia moja na sitini, isipungue hata moja, na kila saa isainiwe na mkuu wake. Zikitimia, anapata krediti zake kumi na mbili na kuhitimu. Zisipotimia, anarudia mwaka. Na mwaka huo Mama Maziwa hakutaka hata kusikia habari za kuurudia, maana binti yake, kitindamimba, alikuwa anahitimu chuo hichohicho, na wawili hao walikwisha kuahidiana kuvaa majoho siku moja.

Mkuu wake mpya aliitwa Bwana Utaratibu, ila kwa mgongo wake tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye nyumba ikiwaka moto, ataanza kuuliza fomu ya moto iko wapi. Alimkabidhi Mama Maziwa orodha ya kazi saba: kupokea malalamiko, kugonga mihuri, kupanga majalada, na nyingine za aina hiyo.

"Nje ya hizi saba, mimi sisaini," alisema. "Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, bosi."

Wiki ya pili, akipanga kabati, alikuta boksi lililoandikwa kwa kalamu nene: NYUMBA HAIKUONEKANA. Ndani zilijaa fomu themanini na saba za watu waliolalamika kukosa maji. Fundi alitumwa, akazunguka, akaambulia patupu, akarudisha fomu. Mama Maziwa alisoma ya kwanza, akaguna. Alisoma ya pili, akacheka. Ya tatu ilibidi akae chini ajishike mbavu.

Nyumba za mitaa ile hazikuwahi kupewa namba, na wenyeji walikuwa na mtindo wao wa kuelekeza. Hawakutaja kilichopo, walitaja kilichokuwapo. Pinda pale palipokuwa na mashine ya kusaga. Mkabala na ukuta ulioanguka. Uliza kwa kinyozi, yule aliyehama. Mwenyeji anaelewa papo hapo. Lakini mafundi wa ofisi walikuwa wageni wa juzijuzi, waliohamishiwa hapo kutoka miji mingine. Wangeijuaje mashine iliyobomolewa wakati wao wako chekechea? Mama Maziwa aliijua, kwa sababu alipita mbele yake na madumu mawili ilipokuwa bado inanguruma.

Alichukua fomu ile ya mashine akamfuata fundi mmoja, dada mfupi, mkavu wa maneno, waliyemwita Spana.

"Dada, hii nyumba mbona ipo?"

"Ipo wapi? Nimezunguka kule mpaka mbwa wakanizoea."

"Twende nikuonyeshe."

Walikwenda mchana huo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Spana alifungua na kukaza, Mama Maziwa akaandika upya maelekezo kwenye kila fomu: geti la kijani, nguzo ya tatu ya umeme, vitu ambavyo hata mgeni angeviona. Mpaka mafunzo yanakaribia kwisha walikuwa wamezipata nyumba thelathini na moja. Kila walipotoka alijaza kijitabu chake bila kuficha kitu: kutafuta nyumba, saa mbili. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea, ya mtu anayegundua kwamba ile miaka ya madumu nayo ilikuwa shule.

Bwana Utaratibu alikuwa na desturi ya kusaini kijitabu kizima kwa mkupuo mmoja, siku moja kabla ya mhadhiri wa chuo kuja kukagua. Alhamisi ilipofika akachukua kalamu nyekundu, akafuta mistari kumi na tisa. Saa thelathini na nane zikaenda na maji.

"Kazi ya kutafuta nyumba haimo kwenye orodha."

"Lakini watu wamepata maji, bosi."

"Hilo sikatai. Ila haimo."

Mama Maziwa aliingia chumba cha chai, akafunga mlango, akalia. Kabla hajamaliza, simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama, dirisha la majoho linafungwa kesho saa kumi. Niandikishe moja au mawili?"

"Subiri kwanza, mwanangu."

Ijumaa mchana mhadhiri alifika, mzee mpole mwenye miwani mizito. Alisoma kijitabu, akagusa wino mwekundu, akauliza. Bwana Utaratibu akaeleza kirefu. Mhadhiri akamgeukia Mama Maziwa.

"Na wewe unasemaje?"

Alipiga moyo konde, akalileta lile boksi na kuliweka mezani. "Zimebaki hamsini na sita. Mwalimu achague yoyote, twende sasa hivi."

Mhadhiri alichomoa moja. Mlango wa nne kutoka kwa fundi saa.

Bwana Utaratibu akatabasamu kidogo. "Hiyo tumeitafuta mara tatu. Mtaa ule hauna fundi saa."

"Alifariki," alisema Mama Maziwa. "Kibanda chake sasa ndilo lile duka la simu."

Waliondoka wote wanne na gari la ofisi, Spana kwenye usukani. Kutoka duka la simu Mama Maziwa alihesabu milango kwa kidole, pamoja na wa tatu uliozibwa kwa matofali, ambao mgeni asingejua kwamba uliwahi kuwa mlango. Akabisha wa nne. Akafungua bibi mmoja, mkunga mstaafu, akakunja uso kwa jua.

"Mama Maziwa? Ulipotelea wapi wewe? Umeniletea maziwa?"

"Leo nimeleta maji, bibi."

"Maji ya ofisi ile? Labda nife nizaliwe upya."

Spana alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye mita. Koki ilikuwa imeliwa na kutu. Bibi alimtwika Bwana Utaratibu ndoo aikinge bombani, bila kumuuliza cheo. Baada ya nusu saa bomba likakohoa, likatema uchafu, kisha maji safi yakashuka kwa kishindo na kumlowesha viatu. Hakusogea.

"Bibi, umekaa bila maji tangu lini?"

"Fomu yenu si ina tarehe? Isome."

Akaisoma. Mwaka mmoja na miezi minne. Alitua ndoo, akafuta mikono kwenye suruali, akaomba kijitabu. Akiwa ameegemea ukuta wa bibi, alisaini kando ya kila mstari aliokuwa ameufuta, mmoja baada ya mwingine, yote kumi na tisa. Kisha akatoa mfukoni ile orodha ya kazi saba, akaongeza ya nane kwa mkono wake: kutafuta nyumba.

"Muhuri tutagonga ofisini," alisema, kwa sababu bado alikuwa yeye.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Mama Maziwa alisogea pembeni na simu, machozi yakimtoka na wala hayafuti.

"Bado uko dirishani?"

"Nimebakiza watu wawili. Mama, niseme ngapi?"

"Mawili. Na wakiuliza la pili la nani, waambie la mama yako."